Nyekundu Ndiyo Iliyoiva

Jumatatu, 12 Mei

Daftari hili nilipewa kliniki nimwandikie Tumaini anakula nini na analala saa ngapi. Kurasa za mbele ni zake. Nimeligeuza nikaanzia nyuma, huku ni kwangu. Ana miezi tisa na jino la tatu linatoka, kwa hiyo ile safu ya kulala naiacha wazi.

Kahawa imeanza kuiva. Jana kanisani Chama chetu cha kahawa kilitangaza kuwa daftari la zamu limefungwa. Msimu huu anayetaka kumenya kahawa yake kwenye mashine ya Chama anaandika zamu kwenye tovuti, kwa simu yake mwenyewe, kila Jumamosi saa nne asubuhi. Kahawa mbivu haisubiri, ikilala siku ya pili imechacha, kwa hiyo bila zamu huna kitu. Na anayekosa kujiandikisha mara tatu atahesabiwa ameacha, uanachama wake uende kwa ndugu mwingine.

Mume wangu Luka yuko na lori, Zambia. Hapa nyumbani Nanyala tuko mimi, mtoto, Mama Enesi ambaye ni mama mkwe wangu, na baba mkwe. Baba mkwe haoni. Huu ni mwaka wa nne tangu presha ya macho imalize kazi yake. Shamba analihudumia kwa mikono, na tunda analijua kwa vidole. Likibonyea kidogo analichuma, likiwa gumu analiacha.

Jina lake sitaliandika humu. Wao ni Wandali, watu wa Ibaba, na walipohamia huku walikuja na mwiko wao: mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe, hataji jina lake, wala hasemi naye moja kwa moja. Majirani zetu Wanyiha wanatucheka. Mimi nimezoea. Akija uani naingia jikoni. Akinisikia nimetoka anakohoa, anageukia migomba. Mwaka wa tatu huu tunaishi hivyo na uso wake sijauona vizuri.

Alhamisi, 15 Mei

Ukungu hadi saa nne. Nepi hazikauki.

Jumamosi, 17 Mei

Siku ya kwanza ya zamu.

Baba mkwe ana simu inayosema. Waliitengeneza hivyo kwenye semina ya wasioona, Mbeya. Akigusa kitu, mwanamke wa ndani ya simu anakitaja. Akigonga mara mbili, kinafunguka. Kwa simu hiyo anampigia Luka, anasomewa ujumbe, anasikiliza Biblia. Mama Enesi hampendi yule mwanamke. Anasema ana kiburi, anaingia kwenye maongezi bila kusalimia.

Saa nne kasoro baba mkwe alikaa barazani, mgongo kwenye ukuta wa jikoni. Mimi nikakaa ndani, upande wa pili wa ukuta huohuo, Tumaini mgongoni. Mama akasimama mlangoni katikati yetu, maana maneno lazima yapite kwake.

Nikamsikia yule mwanamke: "Kitufe. Kitufe. Picha. Kitufe. Picha. Kitufe."

"Mama Luka, muulize mkweo, kitufe cha nini?" baba mkwe akamwambia mkewe.

Nimesikia kila neno, lakini nasubiri Mama ageuke. "Anauliza kitufe cha nini."

"Mwambie aguse kimoja kimoja."

"Anasema uguse kimoja kimoja."

"Nimesikia," akasema baba mkwe.

"Sasa kama umesikia, mimi nimesimama hapa kwa nini?" akasema Mama.

Akagusa. Akaingia ukurasa wa pili, tukafurahi wote. Yule mwanamke akasema: "Thibitisha kwamba wewe si roboti. Chagua picha zote zenye lori." Kisha akasema picha, picha, picha, mara tisa. Lori liko kwenye picha ipi, hakusema.

Kisha baba mkwe akasema, "Mwambie mimi si roboti. Mimi ni Mndali wa Ibaba."

Nikacheka ndani ya kanga. Nikamsikia na yeye anacheka upande wake. Miaka mitatu, na ndiyo mara ya kwanza namsikia akicheka. Nilikuwa nadhani ni mtu mkali.

Tukiwa bado tunacheka ukurasa ukajifunga. Akaanza upya, ukajifunga tena. Ilipofika saa tano kasoro nikamwomba Mama alete simu jikoni nibonyeze mimi. Simu inayosema haibonyezwi kama zetu, nikigusa hivi inaropoka vile, na nilipopata njia zamu za wiki nzima zilikuwa zimejaa.

Mama aliporudisha simu, baba mkwe alisema taratibu, lakini nilijua ni mimi anayeniambia: "Asinibonyezee. Najua anaweza. Ila akibonyeza yeye, mwanachama ni yeye."

Jumanne, 20 Mei

Kahawa ya juzi tumeianika na maganda yake. Itakuwa buni, ile inayohesabiwa ya mwisho. Baba mkwe alikuwa anaigeuza kwa viganja mezani, na harufu ya kuchacha ilifika hadi jikoni.

Mchana akaja mdogo wake, Baba Mika. Na yeye kwangu ni mkwe, najificha vilevile. Namjua kwa kandambili zake zinazoburuta na sauti ya kuamrisha. Alisema, "Kaka, umri umekwenda na macho yamekwenda. Uanachama nipe mimi, kahawa ibaki kwenye ukoo."

Baba mkwe akamjibu, "Macho yamekwenda. Mimi nipo."

Nilikuwa nakoroga uji wa mtoto. Niliukoroga hadi ukaungua.

Alhamisi, 22 Mei

Jino limetoka. Nimelala saa tano mfululizo, nimeamka nimechanganyikiwa kwa raha.

Jumamosi, 24 Mei

Tumaini aliamka na homa nikamkimbiza zahanati. Ni sikio tu, kapewa dawa. Lakini saa nne ilinikuta kwenye benchi pale, na zamu zikafunguliwa sipo.

Niliporudi Mama alikuwa amekaa kwenye kinu kilicholala, mikono mashavuni. Alikuwa amesema yeye ana macho, acha asaidie. Macho anayo ila kusoma hakufundishwa. Mzee wake alipoishia kwenye vitufe, Mama akaichukua simu, akaona viboksi vingine vya kijani na vingine vyekundu, akabonyeza.

"Nikabonyeza nyekundu, Mama Tumaini. Saa nzima nabonyeza nyekundu. Haikubali."

Nikamuuliza mbona hakujaribu kijani.

"Kijani ya nini? Kijani si bado? Nyekundu ndiyo iliyoiva."

Nilikaa chini pale pale. Kumbe aliyetengeneza ameweka kijani kwa nafasi iliyo wazi na nyekundu kwa iliyojaa, bila neno hata moja. Mama tangu utotoni anaambiwa kahawa ya kijani usiiguse, utapigwa. Sasa anaonekana mjinga kwa kufanya sawasawa alivyofundishwa.

Sikumlaumu. Nimempikia chai ya tangawizi. Lakini mara mbili zimekwisha, imebaki moja.

Jumapili, 25 Mei

Baada ya ibada nilimfuata Tabita, katibu wa Chama. Amekonda. Anasema watu thelathini na nane wamempigia wiki hii kuwa tovuti inawakataa, na yeye amewaambia wote wajaribu tena. Nikamuuliza kama walikuwa wanabonyeza nyekundu. Akanitazama. Akafungua simu yake akawapigia watatu hapo hapo nje ya kanisa. Wote watatu nyekundu.

Alinipa jina la aliyeitengeneza. Anaitwa Aliko, yuko Tunduma. Kuhusu ile sheria ya mara tatu, alisema si yake, ni ya mkutano, hawezi kuifuta peke yake. Ila aliahidi kumwambia mwenyekiti kuwa Aliko apewe ruhusa ya kurekebisha chochote.

Jumanne, 27 Mei

Tunduma. Nimechoka hadi kope, lakini hii lazima niiandike yote.

Duka la Aliko liko nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Anachapa barua, anatoa kopi, anatengeneza tovuti. Nilimkuta akihangaika na mama mmoja wa upande wa pili, wa Zambia, salamu za "mulishani" nyingi, anataka kopi kumi za cheti. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, shati limenyooka. Nilipomwambia nimetoka Chama cha kahawa Nanyala alifurahi, akadhani nimekuja kumpongeza. Akanionyesha picha zake za kahawa zinazopita zenyewe. Ni nzuri kweli, nikamwambia ni nzuri.

Kisha nikamwambia asimame nyuma ya mlango.

"Nyuma ya mlango, dada?"

"Ndiyo, kaka yangu. Simu yako nipe mimi."

Nikawasha ile sauti ya kusoma. Najua ilipo, nimemsikia baba mkwe akiitafuta mara nyingi. Nikamwambia niandikie zamu ya Jumatano, wewe sikiliza tu, uniambie niguse wapi. Simu ikaanza: kitufe, kitufe, picha, kitufe.

"Gusa hicho cha tatu," akasema kutoka nyuma ya mlango.

"Cha tatu kuanzia wapi?"

"Kulia, juu."

"Mimi sioni kulia wala juu. Nasikia kitufe."

Alipochungulia nikamwambia arudi. Tukafika kwenye malori, ukurasa ukajifunga. Tukarudia, ukajifunga. Mara ya tatu akatoka mwenyewe akijikuna kichwa, akasema vitufe alivichora picha tu, hakuvipa majina, kwa sababu anayeona haoni kama majina hayapo. Alisema pia hakuna mtu aliyelalamika.

Nikamweleza ya nyekundu. Akajitetea kuwa kila mahali nyekundu maana yake imejaa.

"Kila mahali ni wapi?" nikamuuliza. "Hii umewatengenezea wachuma kahawa."

Hapo ndipo alipoketi. Akauliza kwa nini basi nisimwandikie baba mkwe mimi mwenyewe, mbona najua. Nikamwambia hataki, na hata angetaka, sisi ni Wandali wa Ibaba, siwezi kukaa naye simu moja. Aliko akaanza kucheka. Kumbe mama yake ni Mndali. Anasema mama huyo aliwahi kumkimbia babu yao, mkwe wake, hadi akaingia mtaroni na ndoo ya maji kichwani, na maji hayakumwagika.

"Nipe wiki moja, dada. Ila utanisaidia kujaribu."

Nikamwambia Jumamosi ya mara ya tatu ikipita, mzee anaondolewa kwenye kahawa aliyoipanda kwa mkono wake. Akaiandika tarehe kwenye kiganja kwa kalamu.

Alhamisi, 29 Mei

Mkanda wa mashine ya Chama umekatika. Jumamosi hii hakuna zamu za kuandika, mpaka tarehe saba. Watu wote wananuna, mimi peke yangu nafurahi kimoyomoyo.

Jumanne, 3 Juni

Aliko kaleta matengenezo ya kwanza, kaweka ukurasa wa majaribio. Vitufe vimepata majina. Lakini kwa furaha akavipa majina na vile vya mapambo. Baba mkwe kila akisogeza kidole: "Picha nzuri ya kahawa yetu bora ikiwa mtini wakati wa asubuhi." Anasogeza tena. "Picha nzuri ya kahawa yetu bora ikiwa mtini wakati wa asubuhi." Picha ziko ishirini na nne.

"Mama Luka, mwambie mkweo, hiyo kahawa nimeielewa."

Nimempigia Aliko nikamwambia pambo lisitajwe, litajwe lenye kazi. Akaomba radhi. Na yale malori ameyaondoa, badala yake inakuja namba kwa ujumbe. Wiki hii nimeongea na Aliko kuliko nilivyoongea na mume wangu. Luka alicheka, kisha hakucheka, kisha nikampa Mama simu amweleze.

Alhamisi, 5 Juni

Leo tumejaribu tena. Yule mwanamke alisema: "Jumanne, saa mbili asubuhi. Nafasi ipo. Kitufe, chukua zamu hii." Kwa walio kama Mama, rangi zimeondoka na kila nafasi ina mchoro, kikapu kitupu au kikapu kilichojaa. Mama kaitazama simu, akasema, "Kitupu ndiyo nijaze," akabonyeza, ikakubali. Akaibonyeza mara nne kwa ajili ya utamu tu. Ameanza kusema yule mwanamke siku hizi ana adabu kidogo.

Baba mkwe amerudia mwenyewe mara sita, polepole. Mara ya sita hakuuliza kitu.

Ijumaa, 6 Juni

Baba Mika kapita. Akasimama sana barazani, akaondoka bila kusema alichofuata. Anasubiri kesho, nilijua.

Jumamosi, 7 Juni

Saa tatu na nusu walikuja kumwita Mama. Jirani kafiwa na mama yake, hakuna kukataa. Akaondoka akigeuka nyuma.

Tukabaki wawili na ukuta, na hakuna wa kupitishia neno.

Nilisikia akikaa. Akakohoa, kuniambia yupo. Mimi nikagonga sufuria na mwiko wa ugali, kumwambia nipo. Saa nne ikafika.

Alikwenda vizuri. Majina ya vitufe yalitoka moja baada ya jingine, kidole hakisitasiti. "Jumatano, saa tatu asubuhi. Nafasi ipo." Akachukua. Namba ya ujumbe ikaingia, nikasikia mlio wake. Yule mwanamke akasema: "Weka namba. Umebakiwa na dakika moja."

Ule muda unaofunga ukurasa. Nilimwambia Aliko ya picha, ya rangi, ya mapambo. Ya muda nikasahau kumkumbusha, na kwenye majaribio haukuwepo.

Baba mkwe akaanza kuutafuta ujumbe. Kwenye majaribio namba ilikuwa haiji, tuliweka sifuri tu, kwa hiyo kutoka kwenye tovuti kwenda kwenye ujumbe na kurudi hakuwahi kufanya. Nikamsikia anapotea. "Mipangilio. Betri asilimia sitini. Mipangilio." Pumzi yake ikabadilika. Ananisikia niko hapo, anajua najua, na haniulizi. Na mimi kinywa kimejaa jibu.

"Umebakiwa na sekunde arobaini."

Nilimhamisha Tumaini kutoka mgongoni hadi mapajani, nikamtazama machoni, nikasema kwa sauti kubwa ya kusikika shambani:

"Tumaini, baba, mtu akitaka kuona ujumbe wake anaweka vidole viwili juu kabisa ya simu, anavishusha chini. Umesikia, mwanangu? Halafu anaishika ile namba kichwani, anagonga kitufe cha nyuma mara moja tu."

Mtoto akanikodolea macho. Upande wa pili yule mwanamke akaisoma namba. Tarakimu nne. Baba mkwe akazirudia kwa mdomo kama anayesali.

"Sekunde kumi na tano."

Nikafumba macho. Nikasikia saba. Nikasikia mbili. Mbili tena. Tisa. Akagonga mara mbili.

"Zamu yako imeandikwa. Jumatano, saa tatu asubuhi. Mwanachama." Halafu yule mwanamke akalitaja jina la baba mkwe lote, la kwanza na la baba yake na la ukoo, bila mwiko wala heshima yoyote, mbele yangu. Nikalisikia lote na nikafurahi kulisikia.

Baba mkwe akaiweka simu mapajani. Kisha akasema, "Ahsante, Tumaini."

Tumaini akacheua.

Mchana nikampigia Aliko. Nilimwambia kwa upole, lakini nilimwambia: mtu anayesikiliza anachukua muda kuliko anayetazama, ile saa aitoe leo hii. Kaitoa kabla ya jioni.

Jumatano, 11 Juni

Kahawa imemenywa, madebe kumi na manne. Punje safi, zinateleza mkononi kama samaki. Mimi nilibeba kwa njia ya nyuma ya mashine, baba mkwe alikaa mbele.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikuwa nachuma upande wa bonde. Nimerudi nikamkuta Mama kanuna. "Leo hakuniita hata mara moja," anasema. "Kaandika zamu, kaweka simu mfukoni, kaomba ugali."

Alhamisi, 19 Juni

Tabita kasema waliokosa wiki hii ni wanne tu, na wawili kati yao walikuwa msibani. Mwenyekiti kaomba mkutano ufute ile sheria. Watakaa mwezi ujao, wakipenda.

Nepi zimekauka.

Jumamosi, 21 Juni

Saa tatu asubuhi nilisikia kandambili zinazoburuta. Nikaingia jikoni, nikajiandaa kukasirika. Baba Mika akasalimia, akakaa barazani, akauliza hali ya miguu ya kaka yake, ya mbuzi, ya Luka. Ya uanachama hakuitaja. Nikaona leo anazunguka sana.

Mwishowe akasema, chini chini, "Kaka, mimi kwa kishamba changu kile zamu mbili nimebahatisha, mbili nimekosa."

"Nyekundu?"

"Ya kwanza nyekundu. Ya pili hata rangi sikuiona. Maandishi yenyewe yananichezea kama siafu, tangu mwaka jana. Sijamwambia mtu."

Nilisimamisha mkono kwenye sufuria. Mwezi mzima nilimsikia mtu mwenye uroho, kumbe kila alipotaja macho ya kaka yake alikuwa anaogopa ya kwake. Nimemsamehe nusu. Nusu nyingine bado ina harufu ya ule uji.

Baba mkwe hakucheka wala hakumkumbusha chochote. Alimwambia alete simu yake. Nikasikia anaitafuta ile sauti kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa, mpaka yule mwanamke akaamka na kwenye simu ya Baba Mika. Mama akasema kutoka uani kwamba sasa wamekuwa wawili.

Saa nne ikafika. Wazee wawili, migongo kwenye ukuta wangu. Baba Mika akaanza, akapotea, akaanza tena, nikasikia anainua simu hadi puani.

"Unaangalia," akasema baba mkwe.

"Siangalii."

"Nasikia pumzi yako kwenye kioo. Macho yako yanakuchelewesha, mdogo wangu. Yafumbe, umsikilize."